Dada yangu ana miasthenia, daktari yuko Dar: nyumbani tuandike nini?

"Daktari, dada yangu ana miaka 29. Tunaishi Kigoma mjini, yeye anaanika na kuuza dagaa Kibirizi. Karibu mwaka mzima kope zilikuwa zinamwangukia jioni, akawa anaona vitu viwiliviwili, mwisho sauti ikawa inatokea puani. Tulizunguka sana mpaka tukafika Dar, wakasema ni miasthenia gravisi, ugonjwa unaochosha misuli. Amepewa piridostigmini na prednisoloni. Daktari alisema tuandike dalili na kumtumia kwa WhatsApp kila wiki, turudi baada ya miezi mitatu na apigwe picha ya CT ya kifua. Kazi hiyo nimeishika mimi. Nimenunua kipima oksijeni cha kidoleni, nampima mara sita kwa siku, kinasoma 97 au 98. Nimepakua programu ya simu lakini ni ya Kiingereza na maswali yake ni mengi. Yeye amechoka, anasema namfanya ajione mahututi. Shemeji anasema ni uvivu, kwa sababu asubuhi anafanya kazi vizuri tu. Wiki mbili zilizopita alipata homa, duka la dawa wakampa sipro (antibiotiki ya siprofloksasini), usiku akalegea mpaka akapaliwa na maji, ila oksijeni ilikuwa 97 tukabaki nyumbani. Je, kuandika huku kuna maana? Tupime nini hasa? Na kama kumbukumbu zinaonyesha yuko sawa, tunaweza kuahirisha safari ya Dar? Nauli ni mzigo."

Ndugu yangu, maswali yako yote nitayajibu, lakini siwezi kuanza na daftari wakati barua yako ina usiku mmoja ulionishtua. Dada yako alilegea, akapaliwa na maji, nanyi mkabaki nyumbani kwa sababu kidole kilisoma 97. Usiku ule mlivuka kwa bahati. Sikulaumu. Tangu miaka ya UVIKO kile kidude kimekuwa hakimu wa pumzi majumbani, na ungeuliza watu kumi, tisa wangekujibu kwamba 97 ni salama. Kwa ugonjwa wa dada yako si hivyo, na naomba hilo ulielewe kabla ya mengine yote.

Kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni iliyomo kwenye damu. Mtu mwenye nimonia mapafu yake yameharibika, kwa hiyo oksijeni hushuka mapema na kipimo kinakupa onyo. Mapafu ya dada yako ni mazima. Kinachochoka ni misuli inayoyapanua na kuyabana: ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na ile ya katikati ya mbavu. Fikiria mivukuto ya mhunzi. Ngozi haina tundu hata moja, lakini mkono wa anayevukuta umeishiwa nguvu. Hewa inaendelea kuingia, kidogo kidogo, na kwa muda inatosha kuifanya namba ibaki juu. Kinachoharibika kwanza ni utoaji wa hewa chafu. Hiyo inabaki ndani na kujikusanya, mgonjwa anaanza kusinzia ovyo, anaamka na kichwa kinauma, hawezi kulala chali. Namba bado ni 97. Ikija kushuka hadi 90, mara nyingi mwili umeshamaliza akiba yake. Kidude usikitupe, kitakufaa siku akipata kifua. Ila kwa swali la kama misuli ya pumzi imechoka, hakina jibu, na kumpima mara sita kwa siku hakumlindi na lolote.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe, maana ukishaujua utendaji wake utajua pia cha kuandika, na utapata la kumwambia shemeji.

Neva, yaani mshipa wa fahamu, haigusani na msuli moja kwa moja. Kati yao kuna upenyo mwembamba sana, na amri ya "jikunje" huvushwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Ichukulie kama mitumbwi inayovuka kutoka ng'ambo kuja kutia nanga Kibirizi: kila mtumbwi lazima upate sehemu yake ya kufunga kamba ndipo mzigo ushuke. Katika miasthenia, kinga ya mwili imekosea adui. Inatengeneza kingamwili ambazo kwa wagonjwa wengi huziba zile sehemu za kufungia na kuzibomoa. Neva ni nzima na msuli ni mzima, tatizo liko gatini. Asubuhi, baada ya kupumzika, mitumbwi inayoachiwa ni mingi, na hata gati likiwa limebomoka nusu, inayopata nafasi inatosha. Msuli ukitumika mfululizo, mitumbwi inayotoka kwa kila amri hupungua. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu hilo halionekani, kwa sababu gati lake lina nafasi tele. Kwa dada yako upungufu huo mdogo ndio unaoangusha kope, unaolegeza taya katikati ya ugali, unaoipeleka sauti puani.

Kwa hiyo kufanya kazi vizuri asubuhi na kushindwa jioni hakuthibitishi uvivu. Ndiyo sura yenyewe ya ugonjwa, na madaktari huutambua kwa hilo. Mwambie shemeji hata joto huuzidisha, na anayegeuza dagaa mchangani jua la saa saba analipata lote. Ukitaka kumwonyesha kwa macho, jioni kope ikishaanguka, funga barafu kwenye kitambaa, aiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili. Kwa wengi kope hupanda kwa muda. Hicho ni kipimo kinachofanyika kweli kliniki, na nimeona kikinyamazisha mabishano ya familia kuliko maneno yangu.

Dawa zake nazo zinafanya kazi mbili tofauti. Piridostigmini huzuia kimeng'enya kinachoivunjavunja asetilikolini, yaani mitumbwi inakaa zaidi majini ikisubiri nafasi. Huanza kusikika baada ya nusu saa hadi saa moja, na nguvu yake huisha baada ya saa tatu mpaka sita. Gati haiijengi. Prednisoloni ndiyo inayowapunguza wabomoaji, lakini inachukua wiki nyingi, hata miezi, na kwa baadhi ya watu siku za mwanzo hali huwa mbaya zaidi kabla ya kuwa nzuri. Ndiyo maana daktari wake alitaka kumsikia kila wiki. Mtu akipewa dawa ya namna hiyo halafu akapotea miezi mitatu, daktari anabaki kubahatisha.

Kwa hiyo ndiyo, kuandika kuna maana. Kliniki zetu hufunguliwa asubuhi, na ugonjwa huu hufungua duka lake jioni. Mgonjwa anaingia saa tatu, amelala vizuri, amemeza kidonge, kope ziko juu, anaongea kama mtangazaji wa redio. Nimewahi kumwambia mgonjwa "naona unaendelea vizuri", mkewe akanionyesha kwenye simu picha ya usiku uliotangulia, kidevu amekishika kwa mkono ili aweze kutafuna. Kazi ya kumbukumbu zenu ni hiyo tu, kumpelekea daktari ile jioni asiyoiona. Hazitibu, na sitakudanganya kwamba daftari peke yake humzuia mtu asizidiwe.

Na hapo ndipo naona umezidisha. Umekusanya namba nyingi kuliko anazoweza kuzitumia mtu, tena nyingi haziulizi jambo lenyewe. Halafu kuna mtego: katika ugonjwa wa kuchoka, kupima kunachosha. Ukimwambia anyooshe mikono mara sita kwa siku, ile ya sita itakuwa mbaya kwa sababu ya zile tano.

Mimi ningefanya hivi. Nunueni daftari dogo la kawaida. Kila siku aandike mara moja, muda uleule, na ningechagua saa 1 jioni, jua linapozama ziwani, kabla hajameza kidonge cha jioni. Mistari miwili inatosha: alimeza dawa saa ngapi, na ni kazi gani iliyomshinda au iliyomlazimu kupumzika katikati. Kazi iwe ya maisha yake. "Niliacha kutwanga sombe nikakaa, mara mbili." "Nilishindwa kumaliza ugali wa muhogo, nikanywa uji." "Beseni la dagaa nilijitwisha mwenyewe." Sentensi kama hizo zinaniambia mengi kuliko "uchovu: 6 kati ya 10", kwa kuwa sita ya leo na sita ya Jumamosi hakuna anayejua kama ni sita moja. Aongeze siku za hedhi, maana baadhi ya wanawake hulegea zaidi kuzikaribia, na aandike homa yoyote na dawa yoyote mpya, hata ya kikohozi.

Jambo dogo linaloleta makosa makubwa ni saa. Ukiandika "saa 2" peke yake, daktari hajui ni asubuhi au usiku. Ukiiga saa ya simu ikasema 2:00 kwa maana ya saa 8, mwingine ataisoma kuwa saa 2. Andikeni "saa 8 mchana", "saa 2 usiku", kila mara, bila kuchoka. Dawa inayoisha nguvu baada ya saa nne haiwezi kupangwa kwa kumbukumbu ambayo saa zake zina utata.

Mara moja kwa wiki, tuseme kila Jumapili, ajibu maswali manane ambayo madaktari wa ugonjwa huu wanayatumia nchi nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Yanauliza kuhusu kuongea, kutafuna, kumeza, kupumua, kupiga mswaki au kuchana nywele, kuinuka kitini, kuona viwiliviwili, na kuanguka kwa kope. Kila moja ina alama 0 hadi 3, sifuri ikiwa hakuna shida, jumla 24. Mfano, kuona viwiliviwili: hakuna ni 0, kunatokea lakini si kila siku ni 1, kila siku lakini si muda wote ni 2, muda wote ni 3. Kupumua: kukosa pumzi akifanya kazi ni 1, kukosa pumzi akiwa amekaa tu ni 2, na 3 ni mtu aliye kwenye mashine. Mwombeni daktari wake karatasi yenyewe awafafanulie yote. Jumla ikipanda au kushuka kwa alama mbili, huwa tunalichukulia kuwa badiliko la kweli, si la siku moja mbaya.

Lakini usiiabudu jumla. Alama mbili za kope humfanya mtu akose raha, alama mbili za kumeza na kupumua humpeleka hospitali. Ukituma "jumla 7" bila kusema saba hiyo imetoka wapi, umenificha jambo ninalolihitaji kuliko yote.

Pumzi ina kipimo chake cha nyumbani, nacho hakihitaji betri. Akae wima, avute pumzi ndefu mara moja, ahesabu kwa sauti ya kawaida, taratibu kama namba mbili kwa sekunde, mpaka pumzi iishe. Vitabu husema mtu mwenye afya anaweza kufika hamsini hivi, na kwamba chini ya ishirini ni hatari. Hapo nina angalizo ambalo wanaonakili vitabu husahau. Hesabu hizo hazikufanywa kwa Kiswahili. "Thelathini na saba" ni neno refu, linakula pumzi. Kwa hiyo mwambie ahesabu moja mpaka kumi, arudie moja mpaka kumi, na wewe ukunje kidole kwa kila kumi. Au afanye "aaa" ndefu huku simu ikihesabu sekunde. Chagueni njia moja, msiibadilishe. Afanye siku tatu tofauti akiwa anajisikia vizuri, mwandike alama yake bora kwenye jalada la ndani la daftari. Kuanzia hapo analinganishwa na yeye mwenyewe. Mimi huwaambia wagonjwa wangu kwamba ikipungua kwa theluthi moja, hata kama wanajiona wazima, wapige simu siku hiyohiyo. Mara moja kwa siku inatosha, na siku ambazo ametulia kwa wiki kadhaa, hata mara mbili kwa wiki.

Picha na sauti ni zawadi kubwa kwa sisi tulio mbali. Video moja fupi kwa wiki, jioni, mwanga ukiwa mbele ya uso wake, dirisha lisiwe nyuma: aangalie juu kwa dakika moja bila kushusha macho, kisha atabasamu, kisha afumbe macho kwa nguvu. Kama bando ni tatizo, tuma sauti tu. Ahesabu moja hadi hamsini kwa sauti. Nikisikia sauti inaanza safi halafu ikifika thelathini inahamia puani, nimepata taarifa ambayo hakuna fomu ingenipa. Sauti ya namna hiyo hupita hata pale mtandao unapokwama.

Kuhusu programu ya simu, iacheni bila majuto. Programu nzuri zipo, na kwa mgonjwa anayeisoma lugha yake vizuri zinasaidia kuchora mstari wa maendeleo. Lakini swali lisiloeleweka hujibiwa ovyo, na jibu la ovyo lililochorwa kwa rangi nzuri humpoteza daktari zaidi ya ukurasa wenye mwandiko mbaya. Piga picha ukurasa wa wiki, utume. Hizo zitumwe kwa daktari, zisipite kwenye kundi la WhatsApp la familia. Uso wa dada yako ukiwa umelegea ni habari zake za siri, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayozihesabu habari za afya kuwa nyeti. Ila hata bila sheria, hebu jiulize ungependa shangazi wa Uvinza aione video hiyo kabla yako.

Nimalizie hili la kuandika na jambo ambalo huenda hutalipenda. Daftari liwe mikononi mwake. Una moyo mzuri, ndugu yangu, na umebeba mzigo ambao wengine wangeukimbia, lakini mtu mzima anayepimwa mara sita kwa siku na kaka yake atajiona mahututi hata angekuwa mzima. Tena unayemwona wewe si yeye anayejisikia. Hujui kama aliona mitumbwi miwili au mmoja. Wewe baki na kazi mbili. Mkumbushe saa 1 jioni. Na kila Jumapili hesabu vidonge vilivyobaki. Piridostigmini haipatikani kila duka, na mkiagiza vikiwa vimebaki vya siku mbili mtakuwa mmechelewa. Agizeni vikiwa vya wiki tatu. Prednisoloni nayo isikatishwe ghafla kwa kuishiwa wala kwa kushauriwa na jirani, maana mwili uliokwisha kuizoea huweza kuanguka vibaya.

Ukurasa wa kwanza wa daftari uachie dawa, kwa ajili ya usiku kama ule. Sipro na ndugu zake wa kundi hilo hudhoofisha zaidi lile gati la misuli, na yaliyompata dada yako yanafanana kabisa na hilo, ingawa homa peke yake nayo huweza kumlegeza. Jenta (jentamaisini) ya sindano iko kwenye orodha hiyohiyo, azithromaisini pia, na propranololi inayotolewa kwa presha au mapigo ya moyo. Magnesiamu ya mshipa, inayotumika kwa kifafa cha mimba, ni ya kuogopwa sana, kwa hiyo akipanga kubeba mimba amwambie daktari mapema. Kwa sisi tunaoishi na malaria, iandikeni kwanza kwinini. Haimfai. Malaria kali siku hizi hutibiwa kwa sindano ya artesuneti, na hiyo ndiyo ya kuuliza. Lakini msije mkaogopa kutibu malaria: homa ikija apimwe siku hiyohiyo na atibiwe, kwa sababu maambukizi yenyewe ndiyo kichocheo kikubwa cha kuzidiwa. Kwa maambukizi mengi ya kawaida amoksilini haina shida. Maneno ya kumwambia muuza dawa ni mafupi: "Nina miasthenia, dawa nyingine zinanizuia kupumua, tazama hapa kabla hujanipa."

Sasa kuhusu kwenda hospitali, na hapa msisubiri kujibiwa WhatsApp. Daktari anaweza kuwa chumba cha upasuaji, simu inaweza kuwa kwenye chaji. Nendeni akipaliwa na maji au mate zaidi ya mara moja kwa siku, akishindwa kumeza vidonge, akikosa pumzi akiwa amekaa, akishindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi, akishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, akikohoa kikohozi kisicho na nguvu, akishindwa kumaliza sentensi fupi kwa pumzi moja, au hesabu yake ya pumzi ikishuka hadi nusu ya kawaida yake. Moja tu kati ya hayo linatosha, na namba ya kidoleni isiwe na kura. Msipitie zahanati kuomba dripu. Nendeni moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, mseme neno "miasthenia" mlangoni, na muonyeshe ukurasa wa dawa. Njiani akae wima, asilazwe chali. Kama anapaliwa, asipewe chakula, maji wala kidonge kwa mdomo. Na tafadhali usimwongezee piridostigmini ukidhani haijatosha; ikizidi, yenyewe hulegeza misuli na kujaza koo mate, tumbo likakata na jasho likamtoka, halafu hata mimi nikiwa pembeni ya kitanda napata taabu kujua kama kinachomlegeza ni ugonjwa au dawa.

Ushauri wangu ni kwamba msiende Maweni kwa mara ya kwanza siku hiyo ya taabu. Nendeni wiki hii akiwa mzima, asubuhi, na barua ya Dar. Afunguliwe faili, apimwe presha, sukari na uzito, kwa sababu prednisoloni huvigusa vyote vitatu na mabadiliko yake hayasikiki mwilini mapema. Ombeni kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani, mpeni namba ya daktari wa Dar. Kwa mgonjwa aliye zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka kwa bingwa wake, huyo daktari wa karibu ana thamani kuliko programu yoyote. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano au sita hupatwa na hali ya kuzidiwa pumzi wakati fulani katika maisha yake, mara nyingi katika miaka miwili mitatu ya mwanzo. Wengi sana hupona wakifika mapema mahali penye mashine ya kusaidia kupumua, au penye watu wanaojua kumwandaa na kumhamisha.

Lililobaki ni safari. Najua nauli, na najua siku mbili za treni ni siku ngapi za dagaa. Ukiniuliza kuhusu safari za baadaye, zile za kukaguliwa tu, nitakwambia zungumza na daktari wake: hali ikitulia na kumbukumbu zikija vizuri, nyingi zinaweza kufanywa kwa simu, na Maweni ikapima yale ya kupimwa, au mkapewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ambako ni karibu zaidi. Hii ya sasa hapana. Kuna tezi iitwayo thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo ndiko kinga iliyokosea hufundishwa makosa yake kwa wagonjwa wengi. Kwa wastani wagonjwa kumi hadi kumi na tano katika kila mia huwa na uvimbe kwenye tezi hiyo, na uvimbe huo lazima utolewe. Hata pasipo uvimbe, utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kuiondoa tezi huwasaidia watu wazima wenye zile kingamwili nilizozieleza, na dozi ya prednisoloni wanayoihitaji ikapungua. Umri wa dada yako unamweka hasa katika kundi la kufikiriwa. Hakuna daftari, video wala hesabu ya pumzi itakayoonyesha kilicho nyuma ya mfupa ule. Anaweza kuandika sifuri kila Jumapili na uvimbe ukawa pale.

Mkienda kwa treni, tafuteni nauli ya behewa la kulala kama mnaweza, kwa sababu usingizi kwake ni dawa. Ameze kidonge nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na njiani ale vilaini, wali na mchuzi au ndizi, aachane na mahindi ya kuchoma ya stesheni, hata yakinukia vipi. Vidonge vya safari nzima, na vya siku nne za ziada kwa ajili ya kuchelewa, vikae kwenye mkoba anaoulalia. Daftari pia.